Kiti cha Kupimia Madereva

Kiti chenyewe kilitoka kwenye lori lililokufa. Kilikuwa cha ngozi nyeusi iliyopasuka, kimefungwa kwa boliti juu ya mbao nene, na mbele yake palikuwa na usukani, pedali mbili na ubao wenye taa moja nyekundu. Nyuma ya ubao kulikuwa na saa kubwa yenye mshale mwembamba. Taa ikiwaka, mshale unaanza kukimbia. Dereva akikanyaga breki, mshale unasimama. Basi, ni hivyo tu. Lakini kiti hicho kilitufanya tule githeri kimya kimya nyumbani kwetu Giakanja, sisi ambao kwa kawaida mtu alilazimika kupiga kelele ili apewe chumvi.

Nilikichukia siku ile ile nilipokiona. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na watu wa kwetu wananijua hivyo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Baba alikuwa dereva wa kampuni moja ya usafirishaji iliyokuwa na yadi upande wa chini wa mji wa Nyeri. Aliteremka na viazi, kabichi na mbao hadi Wang'uru, kisha akapanda na mchele wa kugawa madukani, Nyeri hadi Nanyuki. Alikuwa ameanza kazi hiyo kabla ya bendera kubadilishwa. Hakujenga nyumba ya mawe wala hakununua ng'ombe wa kujisifia. Sifa yake yote ilikuwa kwenye usukani. Lori lilipopita barabara ya juu, wazee waliokaa nje ya duka walisimamisha maneno yao wamwinulie mkono, naye alijibu kwa honi fupi, moja tu, kwa sababu honi ndefu aliona ni ya wahuni. Mimi ni binti yake wa kwanza na nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo aliniita "mama" tangu nikiwa kwenye nepi. Jambo hilo lilinipa uhuru wa kumkaripia ambao watoto wa majirani hawakuwa nao.

Mwaka huo malori ya kampuni yalianguka mara kwa mara, na kuna watu waliokufa. Meneja, bwana nadhifu ambaye sikuwahi kumwona akipanda lori isipokuwa kupigwa picha, aliomba msaada chuo kikuu. Akaletewa mtafiti wa mambo ya udereva, na mtafiti huyo alikuwa mwanamke.

Alikuwa mfupi, mwenye viatu bapa na kitambaa cha kichwani kilichokuwa hakikai vizuri, na aliendesha kigari cha rangi ya majivu. Alizaliwa upande wa Meru, kwa hiyo yeye na madereva wetu walikutana kwenye Kiswahili cha yadi, kile cha kila mtu na cha hakuna mtu. Madereva walimcheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke apime dereva? Atawapima na nini, kijiko? Kicheko kilikatika meneja alipotangaza masharti. Yeyote ambaye kiti kitamwona mzito ataondolewa kwenye usukani na kuwekwa kwenye kazi ya kuosha malori.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niko nyumbani ninasubiri sijui nini. Mtafiti alihitaji mtu wa kukaa nyuma ya pazia na kuwasha ile taa wakati dereva hatarajii, kisha asome mshale. Nilikubali upesi, na sikukubali kwa kuipenda elimu. Nilitaka kumwona adui yetu kwa karibu.

Nilichokiona kilinisumbua, kwa sababu nilitaka kumdharau na sikupata pa kuanzia. Alimwamkia kila dereva kwa heshima ya umri wake. Aliwaeleza kila kitu kabla hawajakaa, hata mambo ambayo hawakuuliza. Mimi alinifundisha kuwasha taa bila mpango: mara mapema, mara baada ya kimya kirefu, mara mbili mfululizo. Na wakati wote wa kupima, yeye hakuitazama saa hata kidogo. Aliketi kwenye kigoda kando ya kiti, ameinama, akitazama miguu ya dereva. Nilidhani ana haya ya kutazama wanaume usoni.

Zamu ya baba ilipofika alikuja na koti la kanisani. Aliketi, akaurekebisha usukani usiorekebishika, akavuta pumzi. Niliwasha taa. Mshale ulikimbia, ukakimbia, na nikasikia pedali ikikanyagwa kwa nguvu wakati ambapo tayari ulikuwa umepita mahali ulipowahi kusimama kwa mtu mwingine yeyote. Tukarudia. Ikawa vile vile. Nilisoma namba kwa sauti.

Siku ile ilipokwisha, baba alikuwa wa mwisho kabisa. Waliomkaribia walikuwa wazee wenzake, wale wa miaka mingi barabarani. Wa kwanza alikuwa kijana mmoja mwenye miwani ya jua, ambaye muda si mrefu uliopita alikuwa ameliingiza lori la kampuni mtaroni pale Kenol mchana kweupe. Meneja alisugua viganja.

"Sasa tunajua," alisema. "Wazee wataosha magari. Kazi imeisha."

"Bado haijaisha," mtafiti akamjibu bila kupandisha sauti. "Saa imeniambia hawa wazee wamechelewa. Haijaniambia walikuwa wanafanya nini hiyo saa yote." Kisha akamgeukia baba. "Mzee, pole nikuulize. Mkono yako ya kushoto ilikuwa inatafuta nini?"

Baba aliutazama mkono wake. "Mkono gani?"

"Taa ikiwaka, mkono inashuka hapa kando ya kiti. Na mguu ya kushoto inapiga sakafu. Halafu ndio unakuja kwa breki. Wazee wote mnafanya hivyo."

Baba alikaa tena kwenye kiti, akajaribu polepole, na mkono ukashuka wenyewe mbele ya macho yetu. Alitoa sauti ya mtu aliyeona kitu kinatembea chini ya blanketi.

"Ni gia," alisema. "Natafuta gia."

Ndipo ilipoeleweka. Madereva wa zamani wa mlimani walifundishwa hivyo na waliowatangulia: ukitaka kupunguza mwendo, gia kwanza, breki baadaye. Lori lenye shehena likiteremka kutoka Karatina kwenda Sagana ukiliachia breki pekee, breki zinapata moto, zinanuka, kisha zinakuacha. Aliyemfundisha baba alikuwa akimchapa kofi gotini kila mguu ulipokimbilia breki kabla ya mkono kufika kwenye gia. Alichapwa mpaka ikawa hafikirii tena. Na kiti kile hakikuwa na gia. Hakikuwa hata na klachi.

Mtafiti alimwambia meneja pale pale, mbele ya madereva wote, kwamba kosa la kwanza ni lake yeye mtafiti. Ametengeneza kiti kisicho na gia na kukiita lori. Sijawahi kusahau jinsi alivyolisema hilo, wazi, kama mtu anayekuambia amekukanyaga kidole. Nilikuwa nimezoea wasomi wanaokosea kwa sauti kubwa na kujirekebisha kwa kunong'ona. Aliomba apewe nafasi ya kusafiri na mzee kabla ya mtu yeyote kupewa ndoo na brashi.

Tulisafiri watatu: baba kwenye usukani, mtafiti katikati ili aone mikono na miguu, mimi nimebanwa mlangoni. Tulipopita Karatina na mteremko kuanza, baba alifanya kile ambacho nilikiona tangu utotoni bila kukijua. Alishusha gia kabla ya mteremko wenyewe, injini ikanguruma, na lori likawa linashuka kwa adabu, breki zikiguswa tu pale palipohitajika. Tulipita lori la watu wengine limeegeshwa kando, magurudumu yanatoa moshi na tanboi, msaidizi wa dereva, anayamwagia maji. Mtafiti alitazama, na tulipofika chini alimwambia, "Mzee, hapo mimi siwezi kukuongezea kitu. Hapo uko sawa kabisa."

Baba alivimba kwa furaha, nami nikavimba zaidi. Nilianza kutunga maneno ya kumwambia meneja.

Kule Mwea barabara ni tambarare, imenyooka katikati ya mashamba ya mpunga. Karibu na Wang'uru, mwendesha baiskeli aliyefunga gunia nyuma alichomoka kwenye kijia cha mfereji na kuingia barabarani bila kutazama. Niliona mkono wa baba ukitoka kwenye usukani na kwenda kwenye gia. Ulikwenda haraka, lakini ulikwenda, na mguu uliungoja. Lori lilipiga kelele, likayumba na kusimama. Yule bwana alikuwa amejitupa kwenye nyasi za mfereji, mzima, anatutukana matusi ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia. Gurudumu la mbele la baiskeli yake lilikuwa chini ya bampa yetu, limekunjika.

Baba alishuka. Alipiga magoti barabarani na kuanza kuukusanya mchele uliomwagika kutoka kwenye gunia, kwa viganja, pamoja na vumbi lake, na mtafiti akapiga magoti upande wa pili wakaukusanya wote wawili. Mimi nilisimama tu. Nilitamani sana kumlaumu mtu, hata mwenye baiskeli.

Tuliporudi Nyeri, meneja alikuwa amebadilika. Msimu wa mavuno ulikuwa umefika, malori yalikuwa mengi kuliko madereva, na aliposikia habari za mteremko hakutaka kusikia za tambarare. "Mzee arudi kazini kesho," alisema, na akasukuma funguo juu ya meza.

Baba hakuzichukua. Alimgeukia mtafiti.

"Mwalimu, wewe uko na watoto?"

"Niko na wawili."

"Wakiwa wanacheza kando ya barabara, utaniacha nipite hapo na hii rori?"

Nilimtazama yule mama na kumwomba Mungu adanganye. Neno moja tu lilitosha. Baba angerudi kazini, nyumbani tungerudia kelele zetu, na nani angejua? Yeye alikitengeneza kitambaa chake cha kichwani, kisha akamtazama baba usoni.

"Leo, hapana," alisema. "Lakini si ati kwa sababu ya uzee, mzee. Ni mazoea, na mazoea inafundishika. Ukikubali, nitakuja kila wiki."

Baba alizirudisha funguo kwa kidole mpaka upande wa meneja. Asubuhi iliyofuata alivaa gambuti na kuanza kuosha malori.

Usiku huo nilimchukia yule mwanamke kuliko nilivyokichukia kiti chake. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao baba wakati ule, nimeambiwa mambo mengi mazuri na watu wengi, na bado sijasikia mtu akimheshimu mwenzake kiasi kile. Angeweza kumpa baba kazi yake kwa uongo, na uongo wenyewe ungeitwa wema.

Alitimiza ahadi. Alimwita fundi akafunga gia na klachi kwenye kiti, na akaongeza taa ya pili, ya manjano. Manjano ni mteremko: shusha gia. Nyekundu ni kitu mbele yako: mguu kwanza, na mkono ubaki kwenye usukani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikiziwasha kwa kuchanganya, na mwanzoni baba alizikosea zote. Mkono ulikuwa na kichwa chake. Siku moja mtafiti alipoinuka, baba alikipiga kigoda chake teke kikaenda mpaka ukutani, akasema yeye si mbwa wa kufundishwa kwa taa. Mtafiti alikwenda kukichukua kigoda, akakiweka mahali pake na kuketi.

"Hiyo mkono imekuweka hai miaka yote," alimwambia. "Mimi siitaki ife. Nataka tu ijue siku yake."

Alimtia baba moyo, lakini hakumsifu hata mara moja kwa kitu ambacho hakukifanya. Akikosea alisema amekosea. Akipatia alisema, "Hivyo," na kuendelea. Baba, ambaye wachungaji walimsifu kwa sadaka na wanasiasa kwa kura, alianza kuingoja hiyo "hivyo" yake kwa hamu kubwa.

Nyumbani mazoezi yakatuingia jikoni. Baba aliketi kwenye kigoda, mfuniko wa sufuria mikononi ukiwa ndio usukani, na mama yangu mzazi, ambaye hakuwahi kuendesha hata toroli, akajifanya yeye ndiye taa. Alikuwa na ndizi mbivu kwa ajili ya manjano na nyanya kwa ajili ya nyekundu. Angekoroga chungu, anaongea habari za soko, kisha ghafla anainua nyanya. Baba anapiga sakafu kwa mguu mpaka vikombe vinatikisika. Ikafika mahali mama akaiinua nyanya katikati ya sala ya chakula, na baba akakanyaga kabla ya amina. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Alipoelezwa alikwenda kutangaza kwamba watu wa chuo kikuu wamemharibu mzee akili, ati sasa anaogopa nyanya.

Kwenye yadi nako mambo yakageuka. Wazee wengine, mmoja mmoja, walianza kupitia kwenye kiti wakati wa chakula cha mchana, wakijidai wanatafuta kivuli. Yule kijana wa miwani naye aliwashiwa taa ya manjano, na ikaonekana kwamba mguu wake ulikuwa mwepesi kwa sababu haukujua kitu kingine. Mteremko ulimshinda kila mara. Mtafiti alimweka kando ya baba wafundishane. Nilikuwa ninamtazama akizunguka pale na viatu vyake bapa, na nikatambua kwamba chuki yangu ilikuwa imeondoka siku nyingi bila kuniaga. Nilitaka kuwa kama yeye. Nilimwambia hivyo waziwazi tukinywa chai, naye akaniambia nianze kwa kusoma hesabu.

Hatimaye, jioni moja, baba alizijibu taa zote nilizomwashia, za manjano na nyekundu, na hakuna hata moja aliyoikosea. Mshale haukusimama mapema kama wa vijana, ila ulisimama mahali pazuri, na ulisimama hapo kila mara. Mtafiti aliinuka kwenye kigoda chake.

"Sasa, mzee," alisema.

Baba hakuinuka. "Sasa nini?"

"Sasa chukua funguo."

"Mwalimu, umenionea huruma? Umeona mzee anaosha magari kwa baridi, ukasema wacha nimpatie?"

Nilimwonea hofu baba kwa swali hilo, kwa sababu niliona analiuliza kwa dhati. Alikuwa amejifunza kutoamini mguu wake mwenyewe, na sasa hakujua aamini nini. Mtafiti alimuuliza meneja lori la asubuhi linakwenda wapi, akaambiwa ni Wang'uru, na viazi, limejaa mpaka juu.

"Mimi narudi Nairobi kesho asubuhi," alimwambia baba. "Tutakuwa barabara moja mpaka Makutano. Basi mimi nitatangulia, wewe unifuate."

Nilipanda na baba siku hiyo kwa sababu aliniomba. Kigari cha majivu kilitoka getini, nasi tukakifuata na shehena ile yote, kikiwa mbele yetu kidogo kiasi kwamba kwenye kona kilikuwa kinamezwa na boneti. Tulipita Karatina, tukaanza kuteremka, na mkono ukafanya kazi yake, gia baada ya gia, na nafasi kati yetu na kigari haikupungua wala kuongezeka. Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni ingawa dirisha lilikuwa wazi. Yule mama aliteremka mteremko wote ule na tani za viazi mgongoni mwake.

Tulipita Sagana, barabara ikanyooka, na baba akaanza kupumua. Hapo ndipo mbuzi walipotoka kwenye vichaka vya kulia, kundi zima, na taa za nyuma za kigari zikawaka nyekundu.

Mguu ulishuka. Niliuona, na niliuona mkono umebaki juu ya usukani umekaza. Lori liliinamisha pua, viazi vikagonga mbao nyuma yetu, matairi yakalia, tukasimama. Kati ya bampa yetu na kigari pangeweza kupita mkokoteni na punda wake.

Mbuzi waliendelea kuvuka taratibu, na mwanamke aliyewachunga alikuwa anawagombeza. Baba alikuwa bado anaikanyaga breki kwa nguvu zote.

"Mama," aliniambia, "ameangalia nyuma?"

Nilikuwa nimekitazama kichwa cha mtafiti kupitia kioo cha nyuma cha kigari tangu taa zilipowaka. Hakikuwa kimegeuka, wala hakikuinuka kuelekea kwenye kioo cha ndani. Alikuwa amewaangalia mbuzi tu.

"La, baba. Hajaangalia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Baba alicheka, kisha kicheko kikamgeukia, akalia mbele yangu bila kujificha, mikono yote miwili juu ya usukani. Mbuzi wa mwisho alivuka. Kigari kikaondoka, naye akapangusa uso kwa bega la koti, akatia gia, akakifuata.